Msichana wa Karatasi

Kule Mariashoni, kwa Waogiek wa msitu wa Mau, wananiita msichana wa karatasi. Nina miaka thelathini na miwili, usichana umeshaanza kunitupa mkono, lakini jina limekwama. Na wala si langu peke yangu. Siku ya kwanza nilipofika, nimekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili kwa sababu ya baridi ya kule juu, nilimsikia bibi mmoja akimwuliza jirani yake jambo kwa Kiogiek. Kijana aliyekuwa mkalimani wangu akaangua kicheko. Nikamwuliza kuna nini.

"Gogo anauliza, huyu ndiye yule msichana wa karatasi wa juzi, ama ni mwingine?"

Nilikuwa mwingine. Kabla yangu walishapita wanafunzi wa vyuo vya hapa, wazungu wenye kamera, na watu wa mashirika wenye koti la mvua la rangi moja. Wote walikuja na karatasi, wakaandika, wakateremka. Hayo niliyajua nusu nusu na sikutaka kuyajua yote, maana nilikuwa na miezi minne ya kukusanya data na pesa za kunitosha miwili.

Niseme kwanza natoka wapi, kwa sababu bila hilo haya mengine hayana miguu.

Nimezaliwa Elburgon. Ukishuka matatu pale stendi, harufu ya mbao mbichi inakupokea kabla hujauona mji. Baba alitoka Vihiga akiwa kijana, akaja kutafuta kazi kwenye viwanda vya mbao, akawa mpasuaji hadi masikio yakachoka na kelele za msumeno. Mpaka leo ukitaka kumwambia jambo la siri, jirani wa tatu atalisikia. Karo yangu ilitoka kwenye magogo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, Februari 2018, baba alirudi nyumbani na kisanduku chake cha vifaa, akakiweka chini ya kitanda, akakaa mlangoni. Marufuku ilipoondolewa Julai 2023, viwanda vikaanza kunguruma tena, lakini mgongo wake ulikuwa umeshagoma.

Ukipanda kwa bodaboda kutoka Elburgon, kwa chini ya saa moja, unawafikia Waogiek, watu ambao msitu ule ule ulikuwa nyumba yao. Utotoni niliwajua kwa kitu kimoja tu: asali. Kulikuwa na mama aliyeteremka nayo kwenye galoni la mafuta ya kupikia, akipita mlango hadi mlango. Tulimwita mama wa asali. Alikuwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na sikuwahi kujiuliza analala wapi.

Basi nilipojiunga na chuo kwa shahada ya uzamili, msimamizi wangu akaniambia nitafute mada yenye mashiko. Mwaka huo ulikuwa 2022. Tarehe 23 Juni, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilikuwa imetoa hukumu ya fidia kwa Waogiek dhidi ya serikali ya Kenya. Mashiko hayo. Nikaandika kichwa kirefu kuhusu haki ya kijamii kwa jamii zilizotengwa, nikaweka nukta mbili katikati, kwa sababu tasnifu isiyo na nukta mbili haionekani kama imesoma.

Kesi yenyewe ilianzia kwenye notisi ya Oktoba 2009. Huduma ya Misitu iliwapa Waogiek na wakazi wengine wa Mau siku 30 wawe wameondoka. Malalamiko yao yakafikishwa kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kesi ikapanda ngazi hadi mahakama ya Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 majaji wakasema serikali imevunja haki zao: ardhi, dini, utamaduni, maendeleo, na kutobaguliwa. Walikataa hoja kwamba Waogiek ndio walioharibu msitu. Fidia ndiyo ikasubiri miaka mitano zaidi.

Kuondolewa kwao hakukuanza na notisi hiyo. Tume ya Ardhi ya wakoloni, iliyotoa ripoti mwaka 1934, ilipendekeza watu hawa waingizwe kwenye maeneo ya makabila makubwa yaliyo jirani nao, wamezwe huko yaishe. Waliitwa Wadorobo, neno lililotokana na Kimaasai la kumwita mtu asiye na ng'ombe, yaani maskini. Hebu fikiria kuitwa kwa kile usichofuga.

Sasa, ukitaka kumwuliza Mkenya swali kwa jina la sayansi, kuna milango ya kubisha. Kamati ya maadili ya chuo. Kisha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, ambayo tangu sheria ya 2013 ndiyo hutoa leseni za utafiti. Ukipata leseni unakwenda Nakuru kwa kamishna wa kaunti, kwa mkurugenzi wa elimu, halafu unateremka kwa naibu kamishna, mwisho kwa chifu. Barua yangu ilifika Mariashoni ina mihuri mitano. Niliiweka kwenye bahasha ya plastiki kama cheti cha ndoa. Ilinichukua muda kuona kwamba kati ya mihuri mitano hakuna uliotoka kwa wale niliokuwa naenda kuwauliza, na kwamba minne ilitoka kwa serikali iliyoshindwa kesi. Ni kama kwenda kumhoji mke anayepigwa, ukaanza kwa mume kuomba ruhusa. Msimamizi wangu aliikata sentensi hiyo kwenye tasnifu. Hapa hayupo.

Kikao cha kwanza tulikifanya nje ya kanisa la mbao, wazee kumi na mmoja kwenye mabenchi, mimi nimesimama na bahasha yangu. Nikasoma kichwa cha utafiti kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye "jamii zilizotengwa", mzee mmoja mwenye kofia ya sufi akainua mkono, taratibu, kama mtu anayesimamisha matatu asiyo na haraka nayo.

"Zilizotengwa na nani?"

Nikameza mate. Kwa Kiingereza neno lile husimama peke yake kama mtoto asiye na baba, watu wanaliandika kurasa mia mbili na hakuna anayeuliza. Kiswahili hakikuachii. Ukisema mtoto amepigwa, lazima atokee mtu akuulize kapigwa na nani. Nikamjibu kwamba Katiba ya 2010 ndiyo iliyotumia neno hilo, ibara ya 260, na kwamba jamii za asili zinazoishi kwa uwindaji na kukusanya vyakula vya msituni zimetajwa humo kama jamii zilizotengwa. Mzee akatikisa kichwa. Hakuwa ameuliza Katiba imesemaje.

"Na msitu je?" akaendelea. "Si wao wenyewe husema umetengwa? Eneo lililotengwa la hifadhi. Sisi tumetengwa, na msitu umetengwa. Wamekosana na nani wawili hawa?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Andika hivi, binti. Kuna waliotengwa, na kuna waliotengewa. Wewe umekuja kwa waliotengwa. Wale wengine mnawaendea lini?"

Niliandika. Niliandika kwa sababu nilipenda mchezo wa maneno, nikapiga mstari chini yake, na nikarudi kwenye hojaji. Hojaji haikuwa na sehemu ya waliotengewa. Ilikuwa na kurasa sita za maswali, yote yakiwahusu wenye kukosa: umekosa nini, tangu lini, unajisikiaje. Sikuwa na swali hata moja kwa aliyepata. Na waliopata wapo, wala hawajifichi. Mwaka 2001 peke yake serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kwenye orodha ya misitu. Ilisemekana ni za kuwapa makao wasio na ardhi, Waogiek wakiwa mbele ya foleni. Tume ya Ndung'u ilipotoa ripoti yake kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma, mwaka 2004, ardhi ya misitu ilikuwa na sura yake humo, na Mau ilitajwa. Mipango ya makazi iliishia kwa wenye vyeo, marafiki zao, na wanunuzi wa kutoka mbali waliokabidhiwa hati. Hao hakuna mwanafunzi anayewapelekea soda na fomu ya ridhaa. Wana mageti.

Na msumeno uliomlisha binti wa Elburgon je? Hilo sikuliandika hata kwenye daftari.

Siku hiyo hiyo tulifika kwenye hela. Mahakama iliamuru serikali ilipe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali, na shilingi 100,000,000 kwa maumivu. Pesa ziingie kwenye mfuko wa maendeleo wa jamii. Na si pesa tu: iliamuru pia ardhi yao ipimwe, iwekewe mipaka, na watolewe hatimiliki ya pamoja, kwa mazungumzo na wenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kueleza yote hayo kwa umakini. Mtoto wa mzee mwenye kofia akatoa simu.

"Sisi tuko wangapi?"

Nikamwambia sensa ya 2019 iliwahesabu Waogiek 52,596. Akabonyeza, akabonyeza tena kuhakikisha, akageuza kioo cha simu baba yake aone. Shilingi elfu tatu na moja kwa kila mtu.

"Hiyo moja ni ya nini?" akauliza mzee.

Mwingine akasema labda ni ya peremende. Benchi zima likacheka hadi kofia ya sufi ikaanguka. Nikaeleza kwamba pesa hazigawanywi hivyo, ni za mfuko, ni za miradi. Wakasema wanajua, walikuwa wanapima tu uzito wake. Kisha bibi aliyekuwa kimya muda wote akauliza kama ile mahakama ilimwambia mtu aje aseme pole. Nikasema waliomba serikali iombe radhi hadharani, na majaji wakaona hukumu yenyewe inatosha. Kijana akatafsiri. Bibi akaitikia kwa sauti ile ya "mm" inayotoka kifuani, ambayo kwa kila lugha ya Bonde la Ufa ina maana ile ile.

Bibi huyo ndiye Gogo. Gogo ni neno la heshima kwa bibi yeyote wa umri wake. Jina lake ninalo, na sitaliandika.

Nilimhoji siku nne baadaye, nyumbani kwake, moshi wa kuni ukitufukuza tuhame viti kila mara. Alikuwa mhojiwa wa hamsini na nne kati ya themanini na wanne. Nimeeleza kwamba hojaji ilikuwa kurasa sita. Swali la 23 liliuliza: "Je, umewahi kuondolewa kwenye makazi yako? Kama ndiyo, mara ngapi, na mwaka gani?" Chini yake kulikuwa na visanduku, kila kisanduku na nafasi ya tarakimu nne. Gogo akasikiliza tafsiri. Akatazama nje ya mlango, upande wa miti. Akanyamaza.

Kwenye mafunzo tulifundishwa: mhojiwa akikaa kimya, rudia swali mara moja. Nikarudia. Akiendelea kukaa kimya, usimlazimishe, hiyo ni haki yake. Andika 99, endelea. Tisini na tisa ndiyo namba ya asiyejibu, kompyuta inaijua. Nikaandika 99, nikafungua ukurasa wa nne, nikamwuliza analima ekari ngapi za viazi. Aligeuka akaniangalia kama mtu aliyekatizwa simu. Akajibu ya viazi.

Tulipomaliza nikampa shilingi mia tatu za shukrani na soda, akaweka dole gumba kwenye wino na kwenye fomu. Nikamwambia maneno yaliyoandikwa mwishoni mwa ile fomu, kwamba matokeo ya utafiti yatarudishwa kwa jamii. Niliyasema haraka, kama kondakta anavyosema "tuko juu" huku ukiona viti bado. Gogo akasema "Kongoi", yaani asante.

Nilikuwa kwenye sura ya tano nilipoona habari za Sasimwani, upande wa Narok, Novemba 2023. Nyumba za Waogiek zilikuwa zinabomolewa tena na watu wanafukuzwa msituni, hukumu mbili za Arusha zikiwa zimekaa kwenye rafu. Niliongeza aya moja. Msimamizi akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: ni nje ya kipindi cha utafiti. Aya ikatoka.

Nilitetea tasnifu 2024. Watahini waliuliza kuhusu ukubwa wa sampuli, na kuhusu nadharia ya haki yenye mafiga matatu: mgao, kutambuliwa, kuwakilishwa. Niliwajibu vizuri, nilikuwa nimekariri. Mmoja alitaka kujua kwa nini kiwango cha wasiojibu swali la 23 kilikuwa kikubwa kuliko maswali mengine. Nikasema kumbukumbu hudhoofika kwa uzee. Akaridhika. Kurasa 187, zimejalidiwa kwa gamba jeusi na herufi za dhahabu, nakala moja maktaba, nyingine kwenye ile tume ya leseni. Mama alichinja kuku wawili. Hakuna aliyeuliza, wala mimi sikuuliza, kama kuna nakala inayopanda Mariashoni.

Mwaka uliofuata nikapigiwa simu na yule mkalimani. Salamu ndefu, mvua, viazi bei gani Nakuru, halafu: "Dada, Gogo anakuulizia. Anasema ulisema utarudi."

Siwezi kusema nilipanda bodaboda siku hiyo. Nilikaa wiki tatu nikitafuta sababu za kutokwenda. Katika kutafuta sababu nikakutana na kanuni za Wasan, jamii ya asili ya Afrika Kusini, ambao walichoka kuchunguzwa vinasaba, nyimbo, dawa na mifupa, na Machi 2017 wakatoa sheria zao wenyewe kwa watafiti. Wanataka mambo matano: heshima, ukweli, haki na usawa, kujali, na kufuata utaratibu wao. Ni kurasa chache tu, mtu anazimaliza kabla chai haijapoa. Na si lazima uende Afrika Kusini. Hapa jirani, Ziwa Bogoria, watafiti wa kigeni walichota vijidudu kwenye chemchemi za maji moto mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vimeng'enya vilivyopatikana vikaingia kwenye biashara ya sabuni na ya kufifisha rangi ya suruali za jinzi. Waendorois, wenyeji wa kando ya ziwa hilo, walikuwa wameshaondolewa hapo tangu 1973. Mimi sikuchota kijidudu. Nilichota maneno, nikayaweka kwenye gamba jeusi.

Nikaamua kutengeneza kijitabu kwa Kiswahili. Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimeandika. Sura ya pili, ile ya nadharia, kurasa 41, ilipoingia kwenye Kiswahili kinachosomeka ikawa aya moja, na hiyo aya mama yangu aliisoma akasema, "Hili si kila mtu analijua?" Sura ya tatu ikawa mistari sita. Kilichobaki na uzito ni yale waliyoyasema wenyewe. Kurasa ishirini, nakala arobaini, nimechapa kwenye duka moja la Nakuru mjini karibu na stendi, shilingi 4,800, na mwenye duka akaniuliza kama ni ratiba ya mazishi.

Tulisoma kijitabu pale pale nje ya kanisa, Jumapili baada ya ibada, kijana akitafsiri, watu wakinikatiza. Nilisahihishwa kama mtoto wa darasa la pili. Kwenye ukurasa wa saba nilikuwa nimeiweka asali chini ya kichwa "mazao ya msitu yasiyo mbao". Hilo ndilo jina la kitaalamu, watu wa misitu hulitumia. Mzee mwenye kofia ya sufi akaomba lisomwe tena.

"Kwa hiyo mbao ndiyo mtoto wa ndoa," akasema, "asali ni wa kando?"

Wanaume wa pale wametundika mizinga kwenye miti tangu babu za babu zao. Mzinga wenyewe ni gogo la mtarakwa lililochongwa likawa wazi ndani. Wanajua ua la mti gani linatoa asali nyeupe. Na mimi nikaiita kwa jina la kile isicho. Kama wale waliowaita watu kwa ng'ombe wasionao.

Sijui ni aibu au ni nini, nikajikuta nasema. Nikasema baba yangu alikuwa mpasuaji mbao Elburgon. Nikasema karo yangu, pamoja na ile iliyonileta kwao na bahasha ya mihuri mitano, sehemu yake ilitoka kwenye msitu huu. Kijana akanitazama kwanza kabla ya kutafsiri, kuhakikisha nimesema kweli. Kukawa kimya. Nilitegemea hasira, na nadhani ningeipokea vizuri.

"Kiwanda gani?" akauliza mzee mmoja wa nyuma.

Nikakitaja. Wazee wawili wakaanza kuongea kwa Kiogiek kwa kasi, wakibishana. Kumbe mmoja aliwahi kubeba magogo hapo, kibarua, kabla ya mgongo. Mzee mwenye kofia akangoja wamalize, akaniambia, "Mlete. Yeye hakuna msichana aliyempelekea karatasi. Tunataka kumwuliza maswali."

Gogo alisubiri mpaka watu watawanyike. Alikuwa ameshika kijitabu wazi kwenye ukurasa wa kumi na mbili, ambapo niliweka jedwali dogo la swali la 23. Safu ya mwisho ilisema: Hawakujibu, 7. Mjukuu wake alikuwa amemsomea.

"Hawa saba ni akina nani?"

Nikamwambia siruhusiwi kutaja, nilitoa ahadi.

"Mimi najijua," akasema. "Lakini mimi sikukataa kujibu. Nilikuwa nahesabu. Ulifungua ukurasa."

Akanihesabia. Kijana alitaka kutafsiri mwaka, Gogo akamkatalia, yeye hahesabu kwa miaka. Mara ya kwanza akiwa mgongoni mwa mama yake, hiyo aliambiwa. Ya pili ana mimba ya kifungua mimba, nyumba ilichomwa, mashine yake ya kusaga mahindi ikiwa ndani. Ya tatu binti yake wa tatu alikuwa ameanza kutembea, wakalala kwenye mizizi ya mti mmoja mkubwa wiki mbili, na huo mti baadaye ukakatwa, akanionyesha kwa kidole mahali ulipokuwa, pana viazi sasa. Ya nne mume alikuwa mgonjwa. Ya tano hakufukuzwa na mtu, alifukuzwa na uvumi, walihama wenyewe usiku kwa kusikia malori, na akataka kujua kama hiyo nayo inahesabiwa. Nikasema inahesabiwa. Ilimchukua karibu saa nzima. Niliandika nyuma ya vile vijitabu vilivyobaki kwa sababu sikuwa nimebeba karatasi yoyote.

Nimepeleka barua maktabani kuomba kurekebisha namba kwenye jedwali. Nimejibiwa kwa upole kwamba tasnifu ikishajalidiwa haibadilishwi, ila naweza kuandika makala. Na wale sita wengine walionyamaza, wawili wamefariki. Kijana ananisaidia kuwatafuta wanne.

Baba nilimwambia jioni moja tukila ugali. Ilibidi niseme mara tatu, ya tatu kwa kupaza sauti, kwa hiyo mtaa mzima unajua kwamba ameitwa Mariashoni kuulizwa maswali. Alitafuna kwa muda. Akauliza wazee wana umri gani, akauliza kama kuna barabara ya gari siku hizi, maana bodaboda na mgongo wake hawapatani. Akarudi kula. Nilidhani yameisha.

Jana asubuhi nimemkuta nyuma ya choo amevuta mabati ya zamani, ametoa mbao mbili ndefu, nyekundu kwa ndani, amezipangusa vumbi kwa kofia yake. Mtarakwa. Alizificha tangu 2018, siku ya mwisho kazini. Anataka niwaulize kama zinafaa kutengeneza mizinga, kama ile ya sanduku ya kisasa, azibebe Jumamosi tutakapopanda. Nimemwambia aziache kwanza. Ameziegemeza ukutani karibu na mlango, na zipo hapo mpaka sasa.